Kitufe cha mofini abonyeze nani?

"Shikamoo daktari. Naishi Uingereza, kwetu ni Tanga. Binti yangu ana miaka 8 na kilo 25, ana seli mundu. Mwezi uliopita alilazwa siku tano, miguu na mgongo vinamuuma hadi hataki kuguswa. Wakamfungia pampu ya mofini yenye kitufe, wakamwambia awe anabonyeza mwenyewe akiumwa. Mchana alitulia, usiku ikawa kazi: analala, kisha anaamka analia. Nikataka niwe nambonyezea akiwa usingizini ili maumivu yasimkute, nesi akanikatalia kwa ukali. Halafu kuna wakati mtoto anabonyeza tu na mashine haitoi kitu, nikahisi mbovu. Mama yangu huko nyumbani anasema mofini ni ya wenye saratani walioshindikana, nisikubali tena, mtoto atakuja kuwa teja. Madaktari wanasema akilazwa tena watampa hiyo hiyo. Nikubali? Na Desemba tunakwenda Tanga. Akishikwa kule je?"

Marahaba mama, na pole kwa hizo siku tano. Nikupe jibu fupi kwanza ili usisome mengine yote roho juu: ndiyo, kubali. Kwa mtoto wa miaka 8 mwenye maumivu ya kiwango hicho, mofini kwa pampu anayoiendesha mwenyewe ni tiba nzuri na imezoeleka. Nesi naye alikuwa sahihi kukukatalia. Ukali haukuwa na sababu, maana anayemkatalia mama kumpunguzia mwanawe maumivu anapaswa angalau kumweleza kwa nini. Nitakueleza mimi.

Lakini nianze na maneno ya bibi, kwa sababu naona ndiyo yaliyokukaa moyoni. Hatusemi bibi kakosea kuona alichokiona. Kwetu watu wengi waliijua mofini kwa mara ya kwanza kupitia jirani aliyerudishwa nyumbani kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na chupa ya dawa ya maji. Jirani akafariki, na chupa ikabaki na sifa mbaya. Ukweli ni kwamba saratani ndiyo iliyomuua, mofini ilimpa nafasi ya kulala na kuagana na watu wake. Dawa hiyo hiyo hutumika kila siku kwa mtoto aliyeungua moto, aliyevunjika paja, aliyetoka kupasuliwa tumbo; wengi wao hurudi shuleni na kusahau hata jina lake.

Na maumivu ya seli mundu yana haki yake katika orodha hiyo. Chembe nyekundu zikipinda hunasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na sehemu ya mfupa inakosa oksijeni. Hayo ni maumivu ya mwili unaoumia kweli kweli, panado peke yake haiyafikii. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2012, uliotolewa na taasisi ya NICE, unataka mgonjwa wa seli mundu anayefika hospitali na maumivu makali apewe dawa ndani ya dakika 30. Unasema pia kwamba akihitaji dozi juu ya dozi ndani ya saa mbili, afikiriwe kupewa pampu. Kwa hiyo madaktari wako hawakumfanyia binti yako majaribio. Mwongozo huo huo unawakataza kumpa pethidini, dawa nyingine ya maumivu ambayo bado naikuta ikipendwa katika wodi nyingi za kwetu. Pethidini ikirudiwarudiwa huacha mabaki mwilini yanayoweza kuleta degedege.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Ndani yake kuna bomba kubwa la sindano lililofungiwa kwa ufunguo. Hospitali nyingi za watoto huko uliko huchanganya miligramu 1 ya mofini kwa kila kilo ya mtoto ndani ya mililita 50 za maji ya dripu. Kwa kilo 25 hizo ni miligramu 25. Binti akibonyeza mara moja, hupata mililita 1, yaani nusu miligramu, kisha mashine inajifunga kwa dakika tano hivi. Akibonyeza tena kabla dakika hizo hazijaisha, haitoi kitu. Haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya ilichoagizwa, ingawa viwango hivi hutofautiana kidogo toka hospitali moja hadi nyingine. Kwenye mrija kuna pia kizuizi kidogo kinachozuia mofini isirudi nyuma na kujikusanya kwenye mrija wa dripu ya maji, kwa sababu ikijikusanya halafu ikaingia yote kwa mkupuo, hapo ndipo balaa.

Kitu ambacho wazazi wengi hawaambiwi: mashine huandika kila kubonyeza, kulikotoa dawa na kusikotoa. Tuseme katika saa moja mtoto kabonyeza mara 40 na kupata dozi 9. Hizo 31 zilizobaki ni ujumbe. Huenda dozi ni ndogo kwake. Huenda ana hofu na anashika kitufe kama anavyoshika mkono wako. Huenda hakuelewa alivyofundishwa. Daktari wa maumivu anayepita asubuhi anasoma namba hizo kabla hajamgusa mgonjwa, au anapaswa kuzisoma. Safari ijayo uliza kila asubuhi: amebonyeza mara ngapi, amepata mara ngapi? Ukiona pengo kubwa na mtoto bado analia, usikubali kuambiwa "mashine inafanya kazi." Inafanya kazi, ila imepangiwa kiwango kisichomtosha, na kupanga upya si shida.

Kwa nini tunajisumbua na mashine badala ya sindano? Sindano ya paja kila baada ya saa nne au sita humpandisha mtoto mno, akawa amelewa usingizi, kisha humshusha mno, akawa analia akisubiri saa ifike. Na watoto hawapendi sindano. Ukimuuliza "unaumwa?" huku umeshika sindano, atakwambia haumwi, machozi yakiwa yanamtiririka. Dozi ndogo ndogo mshipani, anapozihitaji, humweka mahali pa katikati, penye nafuu bila ulevi. Wazo si geni: pampu ya kwanza ya aina hii kuuzwa hospitalini ilitoka Cardiff, Wales, mwaka 1976, na majaribio yake ya awali yalifanywa kwa kina mama wenye uchungu wa kujifungua. Watoto wakafuata baadaye, ilipoonekana kwamba mtoto wa miaka sita hivi, wengine hata wa mitano, anaelewa vizuri kabisa kwamba nikibonyeza hapa maumivu yanapungua.

Hapo ndipo penye swali lako la usiku.

Mofini ikizidi mwilini haianzi kwa kuzuia pumzi. Inaanza kwa usingizi, usingizi mzito, ndipo pumzi hupungua kasi na kina. Mpangilio huo ndio tunaoutegemea. Mtoto akilala, kidole chake kinalala. Dozi mpya haziingii, dawa iliyomo mwilini inashuka, anaamka, na ikiwa bado anaumwa anabonyeza. Kidole cha mtoto ndicho kufuli la mashine hii. Zile dakika tano ni komeo dogo tu la ziada. Mama akibonyeza mtoto akiwa amelala, kufuli limefunguliwa, na mashine haina macho ya kujua ni kidole cha nani.

Fanya hesabu nami. Ukibonyeza kila inapofunguka, ni mara 12 kwa saa, nusu miligramu kila mara: miligramu 6. Mtoto wa kilo 25 tunayempa mofini kwa dripu ya mfululizo, kiwango cha juu cha kawaida ni kama miligramu 1 kwa saa. Hospitali nyingine huweka kikomo cha saa nne ili hesabu ya namna hii isifike mwisho, nyingine haziweki. Na hapa tunamzungumzia mtoto ambaye tayari amelala. Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali za Marekani, kilitoa onyo maalumu kuhusu jambo hili Desemba 2004, baada ya taarifa za wagonjwa waliodhurika kwa sababu kitufe kilibonyezwa na mtu mwingine. Mara nyingi ni mtu mwenye nia njema: mama, mume, hata muuguzi. Ndiyo maana pampu nyingi zimebandikwa karatasi inayosema abonyeze mgonjwa pekee.

Kuna watoto ambao mtu mwingine huruhusiwa kuwabonyezea: wachanga, wenye ulemavu wa mikono au wa akili, au walio mahututi. Lakini hapo mashine hupangwa vingine kabisa. Inajifunga kwa muda mrefu zaidi, dakika 20 kwa kawaida, na muuguzi hakigusi kitufe kabla hajaangalia mtoto anapumuaje na anaamka au la. Katika wodi chache, hasa za saratani, mzazi mmoja hufundishwa na kuandikwa jina kwa kazi hiyo. Binti yako hayumo katika kundi hilo. Ana akili timamu na kidole kizima.

Ila mama, tatizo uliloliona ni la kweli. Akilala kwa muda wa saa tatu bila kubonyeza, dawa inashuka, na anaamka akiwa tayari amechelewa. Dozi moja ya nusu miligramu haimtoshi na nguvu yake kamili huchukua kama robo saa. Kilio cha saa nane usiku kina sababu. Njia za kukipunguza zipo, na hizi ndizo za kuzungumza na madaktari kabla hajalazwa tena.

Ya kwanza, ambayo hugharimu kidogo na husahauliwa sana, ni dawa nyingine kwa saa. Parasetamoli, na ibuprofeni kama figo zake ni nzima na hajapungukiwa maji, zitolewe kwa ratiba mchana na usiku, hata kama kwa dakika ile haumwi. Hupunguza mzigo wa mofini. Watoto wa seli mundu figo zao huchoka mapema, kwa hiyo ibuprofeni iamuliwe na daktari aliyeona vipimo vyake.

Ya pili ni kuiwekea pampu mtiririko mdogo wa mfululizo, pengine wa usiku tu. Kwa binti yako ingekuwa kama sehemu moja ya kumi ya miligramu kwa saa. Hapa wataalamu hatukubaliani. Wenzangu wengine huuweka kwa kila mtoto siku ya kwanza na ya pili. Mimi huuweka baada ya kuuliza swali moja: mtoto anakoroma? Watoto wengi wenye seli mundu wana tezi kubwa za koo, wanakoroma na kukatika pumzi usingizini hata bila dawa yoyote. Kwa huyo, mtiririko wa mfululizo unaondoa sehemu ya lile kufuli nililolisema, na nafuu ya usingizi haistahili hatari hiyo. Akiwa hakoromi, kifua ni safi, na kuna kipimo cha oksijeni kidoleni usiku kucha, naona ni busara kuujaribu. Kwa hiyo waambie ukweli kuhusu kukoroma, hata wasipouliza.

Ya tatu ni mofini ya kumeza inayofanya kazi polepole. Utafiti wa Toronto uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba inaweza kutuliza maumivu ya seli mundu kwa watoto sawa na dripu. Ilionekana baadaye kwamba waliomeza walipata zaidi matatizo ya kifua, kwa hiyo si njia ya mkato, bali ni chaguo la kujadiliwa.

Na kuna mafunzo. Mfundishe binti, akiwa mzima, sasa, nyumbani: ukiamka usiku, bonyeza kwanza kabla hujalia. Ukitaka kwenda chooni, bonyeza, subiri kidogo, ndipo ushuke kitandani. Kama mkono mmoja unauma, kitufe kikae mkono mwingine. Wewe unaweza kumkumbusha akiwa macho, unaweza kumwekea kitufe kiganjani. Kubonyeza ni kwake.

Kuhusu uteja, nitazungumza wazi, maana neno hili limewanyima watoto wengi dawa. Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza, mwili kuzoea: baada ya siku kadhaa, dozi ya jana haitoshi leo. La pili, arosto: mtoto aliyepata mofini kwa wiki moja au zaidi ikikatwa ghafla, anaweza kutoka jasho, kuharisha, kukosa usingizi na kuwa mkali. Yote mawili ni mwili kufanya kazi yake, na dawa yake ni kupunguza dozi taratibu. La tatu ndilo uraibu: mtu kuitafuta dawa bila maumivu, kwa ajili ya ulevi, akiharibu maisha yake na akijua anaharibu. Hilo ni nadra sana kwa mtoto anayepewa mofini kwa siku chache wodini, kwa maumivu halisi, kwa vipimo. Siku tano za binti yako kwa kawaida hazimfikishi hata kwenye arosto.

Sitakudanganya kwamba hatari haipo kamwe. Ipo zaidi kwa kijana wa miaka kumi na kitu anayekaa na vidonge vya aina ya mofini nyumbani miezi na miezi bila mtu wa kumfuatilia. Marekani wamelipia jambo hilo kwa maisha ya watu. Akifika umri huo, vidonge vikae kabatini kwa ufunguo wako na viwe na mwisho. Ila kuna upande mwingine usemwe pia. Mgonjwa wa seli mundu asiyepewa dawa ya kutosha huanza kutazama saa, kuomba kabla ya muda, kulia kwa sauti ili asikiwe, na watu humwona mraibu. Ripoti ya kundi la wabunge wa vyama vyote vya Uingereza, Novemba 2021, ilieleza wagonjwa wa seli mundu wakicheleweshewa dawa za maumivu na kushukiwa namna hiyo. Ukiona dalili za dharau hiyo kwa binti yako, una haki ya kuomba daktari wake wa damu aitwe.

Madhara madogo nitayapita haraka. Kuwashwa puani na usoni ni kwa kawaida, si mzio, na kuna dawa. Kichefuchefu kina dawa. Choo kigumu hakikosi, kwa hiyo aanze kilainishi siku ya kwanza badala ya kusubiri tumbo lijae. Mkojo ukigoma kwa saa nyingi, sema.

Kifua ndicho ninachotaka ukiangalie wewe binafsi. Mtoto anayeumwa mbavu na mgongo hupumua kwa juu juu, mofini ikizidi naye anapumua kwa juu juu, na mapafu yasiyojaa hewa ndiyo yanayofungua mlango wa shambulio la kifua, ambalo kwa seli mundu linaweza kuua. Mpulizishe mapovu ya sabuni, au apewe kile kifaa cha kuvuta pumzi chenye kipira kinachopanda. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuvuta pumzi ndefu mara kumi, kila saa mbili za mchana, kulipunguza sana matatizo ya mapafu kwa watoto hawa. Inashangaza jinsi kifaa cha bei ndogo kinavyosahauliwa kando ya pampu ya gharama. Mfuko wa moto juu ya mguu unaouma pia husaidia. Barafu usimwekee kabisa, baridi huzidisha kukwama kwa damu.

Akiwa kwenye pampu, ita nesi papo hapo, usisubiri zamu, ukiona haamki ukimtikisa na kumwita jina, au anaamka na kuzama tena katikati ya neno. Mwite pia pumzi zikiwa chache au za kukatikakatika. Mwite midomo, ulimi au fizi zikibadilika kuwa za bluu au kijivu. Ipo dawa ya kuipindua mofini, inaitwa naloksoni, na hufanya kazi kwa dakika chache. Akiwa nyumbani, umpeleke hospitali bila kujaribu kitu kingine akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua au kuhema, udhaifu wa upande mmoja, maneno kuvurugika, kupauka ghafla, au tumbo kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu. Hayo hayatibiwi kwa dawa ya maumivu.

Na Tanga. Hospitali nyingi za kwetu hazina pampu hizi, na hata ingekuwepo, bila wauguzi wa kutosha kumwangalia mtoto kila saa, nisingetaka itumike. Hilo halimaanishi mtoto aachwe aumie. Mofini ya maji ya kumeza ni rahisi na inatuliza vizuri. Uganda imejengea huduma yake ya maumivu juu ya dawa hiyo, hadi mwaka 2004 ikabadilisha kanuni ili wauguzi waliosomea huduma hiyo waruhusiwe kuiandika. Tanzania pia ipo, ingawa si kila hospitali inayo kila siku. Kwa hiyo kabla ya safari mwombe daktari wake barua yenye uzito wa mtoto, kiwango cha kawaida cha damu yake, dawa zilizomfaa na dozi zake kwa miligramu, na mstari mmoja unaosema asipewe pethidini. Kodeini na tramadoli asinunuliwe duka la dawa: kwa watoto chini ya miaka 12 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo lake kali kabisa mwaka 2017 kwamba zisitumike kwa maumivu, kwa sababu miili ya baadhi yao huzigeuza haraka kuwa dawa kali kuliko mtu alivyokusudia, na watu wa Afrika Mashariki wenye maumbile hayo si wachache.

Akipewa mofini ya kubeba, iwe kwenye chupa yake yenye jina lake, barua ikiwa mkononi, na kabla ya kuondoka ulizia masharti ya kuiingiza nchini. Dawa ya kuzuia malaria aanze kwa ratiba ya daktari, kwa sababu waliorithi seli mundu kwa mzazi mmoja tu ndio wanaokingwa, mwenye seli mundu kamili malaria humshika vibaya. Penisilini yake ya kila siku isikatike hata ndani ya ndege. Na siku ya pili ya kufika, kabla hajaumwa, mpeleke Bombo au hospitali nyingine kubwa iliyo karibu na nyumbani, waonyeshe barua, waulize mofini ya watoto ipo au haipo, na kama haipo, aliye karibu nayo ni nani.